Kiu ya Uwepo na Utukufu wa Mungu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu yametokana na madarasa ya Biblia ya jioni hapa mjini Kigoma. Mengine yaliulizwa mbele ya wote, na mengine yaliletwa mlangoni baada ya ibada, mwulizaji akisubiri wenzake watangulie. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito. Maneno ya Biblia yamenukuliwa kutoka tafsiri ya Union Version, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo.

Mungu yuko kila mahali. Kwa nini basi tunauomba uwepo wake?

Ni kweli kwamba yuko kila mahali. Zaburi ya 139 inasema hakuna mahali ambapo mtu anaweza kuikimbia roho ya Mungu, si mbinguni, si kuzimu, wala pande za mwisho za bahari. Kwa maana hiyo Mungu yupo katika soko la Mwanga kama alivyo kanisani, na hakuna haja ya kumwita aje kana kwamba alikuwa safarini.

Hata hivyo, Maandiko yanasema pia juu ya ukaribu wa namna nyingine, na neno la Kiebrania linalotumika hapo maana yake ya kwanza ni uso. Ndiyo sababu tafsiri yetu ya zamani haipendi sana kusema "uwepo". Husema "uso wa Bwana" na "mbele za Bwana". Msemaji wa Kiswahili anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa. Mume na mke wanaweza kulala chini ya paa moja wiki nzima, mmoja amenuna, chakula kinaandaliwa na kuliwa, na mlango unafungwa kila usiku kama kawaida. Wote wawili wapo, lakini hakuna aliyempa mwenzake uso. Siku mmoja anapogeuka na kuuliza, "Umeamkaje?", hakuna mtu mpya aliyeingia nyumbani, na bado nyumba si ile ya jana. Anayeomba uwepo wa Mungu anaomba uso huo ugeuke kumwelekea, na mara nyingi anaomba pia yeye mwenyewe ageuke, maana anayenuna katika nyumba hiyo kwa kawaida si Mungu.

Utukufu wa Mungu ni nini hasa? Ni mwanga?

Mwanga umo, na wingu limo, na moto umo. Wakati Sulemani alipoizindua nyumba ya Bwana, wingu liliijaza hata makuhani wasiweze kusimama na kuhudumu (1 Wafalme 8:10-11). Lakini neno lenyewe la Kiebrania, kavodi, limetokana na shina lenye maana ya uzito. Hapa Kiswahili kinatusaidia tena, kwa kuwa nasi husema "yule ni mtu mzito" bila kufikiria kilo zake, na husema "maneno mazito" juu ya maneno ambayo hayawezi kupeperushwa. Utukufu wa Mungu ni uzito wake unapohisiwa: vitu vingine vyote, pamoja na sisi wenyewe, vinaonekana kwa kipimo chake halisi.

Ndiyo maana mke wa Finehasi, alipojifungua siku ile sanduku la agano lilipotekwa na Wafilisti, alimwita mtoto Ikabodi, akasema utukufu umeondoka katika Israeli (1 Samweli 4). Taifa lilibaki na hema, na makabila yake, na ardhi yake. Uzito ndio uliokuwa umetoka.

Neno "Shekina", ambalo wengi hulitumia kwa uwepo wa Mungu, limo katika Biblia?

Halimo. Limetoka katika maandishi ya walimu wa Kiyahudi yaliyoandikwa baada ya nyakati za Biblia, na shina lake lina maana ya kukaa. Shina hilo ni ndugu wa lile la Kiarabu lililotupatia neno "maskani", na hema ambalo Musa aliagizwa kulijenga jangwani linaitwa kwa Kiebrania kwa neno la ukoo huo huo. Kwa hiyo mkristo wa Kigoma anaposoma "Maskani zako zapendeza kama nini" katika Zaburi ya 84, yuko karibu na neno la asili kuliko wasomaji wengi wa lugha nyingine, na hahitaji kuazima neno geni ili asikike ana upako.

Je, si kiburi mtu kuomba auone utukufu wa Mungu?

Swali hili ndilo ningependa tukae nalo zaidi, kwa sababu sura ya 33 ya Kutoka inalijibu kwa namna inayotupima sote.

Waisraeli walikuwa wametoka kuabudu ndama ya dhahabu. Mungu akasema kwamba ahadi yake itasimama: nchi ya maziwa na asali wataipata, mataifa yaliyomo yatafukuzwa, na malaika atawatangulia njiani. Jambo moja tu liliondolewa, kwamba yeye mwenyewe hatakwenda katikati yao, asije akawaangamiza njiani kwa ajili ya shingo yao ngumu. Tuitazame ahadi hiyo kwa uaminifu. Ulinzi umo, ushindi umo, mali imo, na malaika yumo. Tukiyapima maombi yetu ya Ijumaa usiku, yaani injini isiyozima katikati ya ziwa, mtoto afaulu kidato cha nne, kiwanja cha Gungu kipate hati, basi karibu kila tunachokiomba kimo katika ahadi ile, na wengi wetu tungesema "amina" na kufunga mizigo. Biblia inasema watu waliposikia habari hiyo waliomboleza. Walielewa kwamba wamepewa kila kitu isipokuwa Mungu.

Musa akakataa kuondoka. "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa." Alipokubaliwa hilo, hakutosheka, ndipo akasema, "Nakusihi unionyeshe utukufu wako." Angalia ni nani anayeomba. Ni mtu aliyekwisha kuona kijiti kinachowaka, bahari ikigawanyika, na mlima ukitoa moshi, na ambaye mistari michache nyuma tumeambiwa Bwana alisema naye uso kwa uso kama mtu asemavyo na rafiki yake. Kiu ya maji hupungua mtu anapokunywa; kiu hii huongezeka. Kwa hiyo mtu anayelia kwamba anamtamani Mungu na hampati, asijidharau akidhani yuko mbali kuliko wengine. Kiu hiyo haianzi yenyewe katika moyo wa mwanadamu, na aliye nayo tayari ameguswa na yule anayemtafuta.

Mungu hakumkemea Musa kwa kiburi. Alimwekea mpaka, kwamba hakuna mwanadamu atakayeuona uso wake akaishi, kisha akajibu ombi lake kwa njia ambayo huenda Musa hakuitarajia: "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Aliomba utukufu, akaahidiwa wema. Katika sura inayofuata, Musa akiwa katika mwamba, kinachoandikwa zaidi ni kile alichokisikia: jina la Bwana likitangazwa, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira. Mafundisho ya utukufu yanayomfanya Mungu aonekane wa kutisha tu, bila wema huo, yameacha nusu ya ukurasa.

Nimefunga, nimeomba, na sihisi chochote. Kuna kasoro gani kwangu?

Pengine hakuna kasoro yoyote.

Nitasema kwanza jambo la mwili. Eliya alipochoka hata akaomba afe, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena (1 Wafalme 19). Mtu ambaye hajalala wiki mbili, au ambaye huzuni imemkaa kifuani mwezi baada ya mwezi hata hawezi kula, aende pia hospitali. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Baada ya hilo, nitasema lililonipata mimi. Nilipomzika mama yangu, nilikaa karibu mwaka mzima nikisali kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Kila alfajiri niliwasha jiko la mkaa, nikaketi kwenye kigoda chake, ambacho mguu mmoja ulikuwa umefungwa kwa utambaa, nikafungua Zaburi ya 42 kwa sababu ndipo alama ya karatasi ilipokuwa. "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Nilisoma, maji yakachemka, nikaepua sufuria, nikafunga kitabu. Niliendelea hivyo kwa miezi mingi bila hisia yoyote.

Kilichonijia hakikuwa joto moyoni. Asubuhi moja niliona tu jinsi mstari wa tisa ulivyo: mtunga Zaburi anamwita Mungu "mwamba wangu", na hapo hapo anamwuliza kwa nini amemsahau. Analalamika kwamba hamwoni, na malalamiko yote anampelekea huyo huyo asiyemwona. Hakugeuka kwenda kuwaambia wengine. Basi nikajua kwamba ule mwaka wangu wa kubisha hodi ulikuwa ni mazungumzo, upande mmoja ukiwa umenyamaza. Zaburi hiyo inazungumzia pia kilindi kinachoitana na kilindi, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, tunajua kwamba maji ya juu yanaweza kutulia kabisa bila chini kuwa patupu.

Jambo jingine wavuvi wa dagaa wanalifahamu kuliko mimi. Mwezi unapokuwa mpevu, mitumbwi mingi hubaki ufukweni, kwa kuwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa wakati ziwa lote limeangazwa. Kazi hufanyika katika siku za giza. Sisemi kwamba giza la moyo ni zuri, wala simwambii aliyefiwa alishangilie. Nasema tu kwamba usiku usio na mwezi haujawahi kuwa sababu ya wavuvi wa Kibirizi kudhani ziwa limekwisha samaki.

Je, ni lazima nianguke, nitetemeke au nilie ili nijue kwamba uwepo wa Mungu umeshuka?

Si lazima, na wala si vibaya. Danieli alianguka kifudifudi. Isaya alilia kwamba amepotea, kwa kuwa ni mtu mwenye midomo michafu. Eliya alipita katika upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo, ndipo ikaja sauti ndogo, ya utulivu. Musa alishuka mlimani na uso unaong'aa na, kama Kutoka 34:29 inavyosema, yeye mwenyewe hakujua. Mstari huo unanigusa sana: aliyekaa na Mungu muda mrefu zaidi ndiye aliyekuwa wa mwisho kufahamu jinsi anavyoonekana.

Kipimo ni kile kinachobaki Jumatatu. Kama mtu aliyeanguka Jumapili bado anapunja kipimo cha mawese sokoni, anguko lile halikuwa na uzito tuliousema hapo juu. Na palipo na mtu anayeuza uwepo wa Mungu kwa chupa, kwa kitambaa au kwa sadaka ya kiwango maalumu, msomaji asome Matendo 8:18-20, jinsi Petro alivyomjibu Simoni aliyeleta fedha, kisha aondoke mahali hapo.

Kanda yetu imewahi kuona uamsho wa namna hiyo?

Ndiyo, na si mbali. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza katika miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, katika kituo cha misheni ya Kianglikana, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Walioguswa nao hawakukumbukwa zaidi kwa miujiza. Walikumbukwa kwa kutubu hadharani, kwa kurudisha vitu walivyoiba, na kwa kile walichokiita kutembea nuruni, kwa mujibu wa 1 Yohana 1:7, yaani kutokuwa na siri ya dhambi kati ya ndugu na ndugu. Utukufu ulishuka, na watu wakaanza kurudisha mbuzi wa jirani. Tunapoomba uamsho leo, tujiulize kama tuko tayari kwa sehemu hiyo.

Dhambi yangu imenifukuza mbele za Mungu?

Daudi aliogopa hilo hilo. "Usinitenge na uso wako," aliomba katika Zaburi ya 51, baada ya uzinzi na mauaji, na alisikilizwa. Tubu leo, na kama kuna mtu uliyemkosea, mwendee.

Mimi ni mvuvi, au mama wa genge. Nautafutaje uso wa Mungu bila muda wa kukaa mlimani?

Luka 5 inahusu mtu wa kazi hiyo. Petro alikesha usiku kucha akivua bila kupata kitu, asubuhi akaosha nyavu, na utukufu ukamkuta ndani ya chombo chake mwenyewe, samaki wakiwa wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Hakupiga hesabu ya mauzo. Alianguka magotini pa Yesu na kumwomba aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi. Uzito ulikuwa umeingia mtumbwini. Yesu hakuondoka.

Kwa hiyo usiisubiri nafasi ya mlimani. Chukua mstari mmoja asubuhi, uwe nao siku nzima, uurudie unapopanga nyanya au unapovuta wavu. Zima simu kwa muda uliojipangia, hata kama ni robo saa, kwa maana simu imechukua dakika nyingi za Mungu katika mji huu kuliko umaskini wetu ulivyowahi kuchukua. Usiache kukusanyika na wengine, na uikaribie meza ya Bwana kwa moyo uliojiandaa. Wapo wanaoniuliza kama kufunga ni lazima. Kufunga kunasaidia, lakini hakuna mtu aliyewahi kumnunua Mungu kwa njaa yake.

Tulikuwa na kanisa letu kule tulikotoka. Hapa kambini utukufu wa Mungu unaweza kuwapo?

Swali hili lilitoka kwa mama mmoja wa Nyarugusu, kambi iliyopo wilayani Kasulu tangu mwaka 1996, ambayo imewapokea watu wa Kongo na wa Burundi. Kule kwao aliimba kwaya katika kanisa la matofali ambalo mumewe alisaidia kulijenga.

Ezekieli aliandika kwa ajili ya watu kama yeye. Alikuwa kuhani, na kuhani bila hekalu ni kama mvuvi bila ziwa. Alichukuliwa mateka mpaka Babeli, akakaa kati ya wahamishwa karibu na mto Kebari, na ni huko, katika nchi ya waliowateka, mbingu zilipofunuka akaona mfano wa utukufu wa Bwana (Ezekieli 1). Kiti cha enzi alichokiona kilikuwa na magurudumu chini yake. Baadaye, katika sura ya 10 na ya 11, anaonyeshwa utukufu ukiondoka Yerusalemu, ukitoka kizingitini, ukipita lango la mashariki, ukasimama juu ya mlima. Na katikati ya maono hayo ya kuhuzunisha Mungu anasema kwamba kwa wale waliotawanyika katika nchi za mbali yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwao.

Nilimsomea mama huyo maneno hayo polepole. Sikumwambia kwamba kanisa la matofali halina maana, kwa sababu lina maana, na kulililia ni haki yake. Hata wahamishwa wa Babeli waliketi wakalia. Nilimwambia kwamba Mungu aliyeonekana kando ya Kebari hakuhitaji kibali cha mtu ili avuke mpaka.

Yesu ana nafasi gani katika haya yote?

Ana nafasi yote. Yohana anaandika, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, nasi tukauona utukufu wake," na neno la Kigiriki alilolitumia kwa "akakaa" ni la kupiga hema, kwa hiyo tumerudi kwenye maskani. Kile ambacho Musa alikiona kwa nyuma, katika mwamba, wanafunzi walikula nacho mkate. Na Yesu anaposema saa imefika atukuzwe, katika Yohana 12, anazungumzia punje ya ngano inayoanguka ardhini na kufa. Anayeutafuta utukufu wa Mungu asiupite msalaba akidhani ni kituo cha njiani. Paulo anasema nuru ya utukufu wa Mungu iko katika uso wa Yesu Kristo (2 Wakorintho 4:6), na kwa hiyo vile vitabu vinne vya mwanzo vya Agano Jipya tunavyoviita Injili ndivyo mahali pa kuanzia kwa mtu asiyejua aanzie wapi.

Je, kiu hii itakuja kutoshelezwa kabisa?

Itatoshelezwa, lakini si upande huu. Ufunuo 21:3 unatangaza kwamba maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu, na 22:4 inasema jambo ambalo Musa alikataliwa: "nao watamwona uso wake." Mstari unaofuata unasema hapatakuwa na usiku tena, wala hawatahitaji taa.

Nilipousoma mstari huo darasani, alikuwapo mzee mmoja wa Katonga ambaye alianza kuvua kwa taa za karabai akiwa kijana, na ambaye wanawe sasa wanavua kwa taa za sola. Aliniomba niusome mara ya pili.